Bunduki ya .303 ya mwaka 1917 imeliwa kutu: msasa na rangi, au kuna njia nyingine?

kijana_wa_Isevya

Wakuu salaam. Niko Tabora mjini. Kuna .303 ya bolti, ile ya kijeshi ya Mwingereza, ipo kwenye leseni ya familia na leseni iko hai. Kwenye chuma cha shingoni, pale kitako kinapoingia, imepigwa mhuri wa taji, chini yake GR, halafu ENFIELD, 1917, SHT.L.E. na III yenye nyota.

Hali yake: sehemu za nje zina kitu cheusi kinachobanduka kama magamba ya samaki, na chini yake panaonekana kahawia. Mtutu kuelekea mdomoni una kutu nyekundu ya ungaunga. Bolti, kile chuma cha kusukumia na kufungia risasi, ni cheupe chenye madoa. Mbao ni nzima.

Fundi wa kuchomelea hapa mtaani anasema tupige msasa yote mpaka iwe nyeupe, aipashe kwenye mkaa, aitumbukize kwenye oili chafu, itatoka nyeusi kama panga jipya. Mwingine anasema nipulizie rangi nyeusi ya pikipiki nimalize. Mimi nataka irudi ilivyokuwa, sitaki ing'ae. Nina jiko la mkaa, drili, chaja ya betri ya volti 12 na msasa wa kila namba. Naombeni hatua na vipimo.

Chemchem_2

Mkuu, hapo kwenye mkaa simama kwanza. Panga na jembe ni sawa kupashwa na kutumbukizwa kwenye oili. Bunduki hapana.

Chuma cha mwili wa bunduki kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto la kipimo maalumu. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu, ugumu ule unapotea na hutauona kwa macho, kwa sababu rangi itatoka nzuri tu. Kwenye hiyo ya kwako masikio ya bolti yanafunga kwa nyuma, yanaegemea mwili wenyewe. Risasi ya .303 inapolipuka inasukuma kwa zaidi ya tani 3 kwa kila sentimita mraba. Chuma kikilainika, pale masikio yanapoegemea panabonyea kidogo kidogo, nafasi nyuma ya ganda la risasi inaongezeka, na siku moja ganda linakatika ndani na gesi inarudi usoni kwa mpigaji. Kukosea joto kuna na upande wa pili, na Wamarekani waliupata kiwandani kwao: bunduki za M1903 za Springfield zenye namba chini ya 800,000 zinaogopwa hadi leo, kwa sababu mafundi walikuwa wanakisia joto la chuma kwa jicho, na baadhi ya miili ikatoka myepesi kuvunjika kama kigae. Hao ni mafundi wa kiwanda cha serikali. Sembuse mkaa wa mtaani.

La pili ni sheria. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kutengeneza silaha ni kazi ya mwenye leseni ya kazi hiyo. Fundi wa kuchomelea mageti hana. Usimwachie bunduki hata kwa saa moja. Nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na kitabu chako, mweleze unachotaka kufanya, upate jibu lake kabla hujafungua skrubu hata moja.

La tatu, namba. Msasa usiguse namba mahali popote: mwilini, kwenye bolti, kwenye mtutu. Silaha yenye namba iliyofifia ni kesi, hata kama karatasi zako zimenyooka.

Fundi_Kiloleli

Chemchem kamaliza la moto. Mimi niende kwenye chuma chenyewe.

Msasa ndio unaoharibu bunduki hizi kuliko kutu. Kutu ya miaka mia inakula ngozi ya juu tu, ila mtu mwenye msasa namba 80 na mchana mmoja anafuta mihuri, anaviringisha kona zilizotakiwa kuwa kali, na kuacha mabonde pale penye matundu ya skrubu. Kwa hiyo kabla ya msasa, chemsha. Nasema kuchemsha kwa maji matupu.

Sababu ni hii. Weusi wa asili wa bunduki ya 1917 haukuwa rangi. Kiwandani walikipaka chuma dawa ya kukitia kutu makusudi, wakakichemsha, kutu nyekundu ikageuka nyeusi, wakasugua, wakarudia mara kadhaa. Ule weusi ni kutu iliyobadilishwa. Basi na hiyo kutu nyekundu uliyonayo sasa inaweza kubadilishwa vilevile. Ukiichemsha nusu saa inageuka nyeusi, ya juu iliyolegea unaisugua inaondoka, ya chini iliyoshika inabaki kama ngozi. Mara nyingi watu wakifika hapo wanagundua weusi wa zamani bado upo zaidi ya nusu, na hawana haja ya kuendelea.

Lakini wewe una magamba. Magamba maana yake ni rangi. Bunduki nyingi za namna hiyo zilipita kwenye karakana za jeshi baadaye, zikapakwa rangi nyeusi ya kuokwa juu ya weusi wa kwanza. Angalia kama kuna herufi FTR na mwaka: hiyo ni alama kwamba ilifunguliwa na kutengenezwa upya yote. Kuhakikisha, tafuta sehemu iliyofichwa chini ya mbao, weka tone la siki. Weusi wa kutu utaliwa ndani ya dakika chache na kuacha doa la kijivu. Rangi haitashtuka. Na kama chuma ni cha kijivu kisichong'aa, kinakwaruza kidogo kidoleni na tone la oili linasambaa na kuzama, hiyo ni fosfeti, ngozi ya kemikali inayotiwa kwenye chuma, habari nyingine kabisa.

Kufungua. Hapa ndipo wengi wanapasua mbao, soma mara mbili. Usianze na kitako! Bolti kubwa iliyo ndani ya kitako ina ncha ya mraba inayoingia kwenye kipande cha chuma kilichokaa ndani ya mbao ya mbele. Ukiizungusha wakati mbao ya mbele ipo, ile ncha inapasua mbao kutoka ndani. Utaratibu ni huu: toa bolti na magazini, toa kofia ya chuma ya mdomoni, toa ukanda wa katikati, vua vifuniko vya mbao vya juu ya mtutu, fungua skrubu mbili za kikingio cha kifyatulio, halafu mbao ya mbele ishushwe moja kwa moja chini bila kuipinda. Kuna springi ndogo mbili chini ya mtutu, zitaruka. Tandika shuka. Ndipo ufungue kibati cha nyuma ya kitako, uingize bisibisi ndefu, ufungue ile bolti.

Skrubu zimekaa humo miaka mingi. Changanya ATF, ile oili ya giaboksi ya otomatiki, na mafuta ya taa nusu kwa nusu, dondoshea, acha usiku kucha, hata usiku mbili. Bisibisi ijaze mfereji wa skrubu mwisho hadi mwisho. Ikicheza humo, ipige tupa ikae sawa kwanza, maana skrubu iliyochubuliwa kichwa inaonekana kutoka mita tano. Mtutu usiutoe mwilini. Hauhitajiki kutoka, na ukitoka haurudi sawa.

Ukivua mbao tazama upande wa chini wa mtutu. Huko ndiko maji ya mvua yalikuwa yanalala. Kama kuna mashimo unayoweza kuyahisi kwa ukucha, weusi mpya hautayaficha. Mengi na ya kina, mpe fundi mwenye leseni aipime kabla ya mtu yeyote kuipiga risasi.

Rangi ya kuokwa itoe kwa rimuva ya rangi, ile nzito ya kupaka kwa brashi. Paka unene wa kutosha, funika na nailoni isikauke, acha dakika 30, kwangua kwa kipande cha mbao au mwanzi, siyo kisu. Itataka mara 2 au 3. Osha kwa maji ya moto na sabuni.

Sasa chombo cha kuchemshia. Mtutu na mwili pamoja havifiki mita moja, hivyo mwambie yule fundi wa mageti akukunjie mfereji wa sentimita 100 kwa 15 kwa 15 (hiyo kazi anaruhusiwa!). Shiti iwe nyeusi ya milimeta 1.5. Bati la kuezekea usitumie, lina zinki, na zinki ikiingia kwenye maji weusi unakuja na mabaka. Lita 15 zinatosha kufunika. Majiko mawili ya mkaa chini yake. Ning'iniza chuma kwa waya wa kufungia nondo, kisiguse sakafu ya mfereji.

Maji yakitokota vizuri, zamisha, hesabu dakika 30. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yanafanya kazi, ila usikatishe kwenye dakika 15 kama maelekezo ya watu wa pwani. Ukitoa, joto la chuma lenyewe litakausha maji ndani ya dakika moja. Utakuta ungaunga mweusi kama masizi ya sufuria. Sugua na stili wulu laini kabisa, namba sifuri nne, bila nguvu. Ule mkunjo wa kusugulia masufuria hapana, unakwaruza. Na stili wulu mpya huja na mafuta ya kuizuia kutu, ichemshe kwanza kwenye maji ya sabuni ya unga.

Rudia mara 2 au 3. Ukiridhika, paka oili, funga, umemaliza. Usiporidhika, rudi nikuelekeze kutia weusi mpya.

TaboraReli

Kwa nini asiende fosfeti moja kwa moja? Inashika oili, inahimili jasho, haihitaji kurudiwa mara sita.

Fundi_Kiloleli

Inahimili kweli, ila III ya nyota ya 1917 haikutoka kiwandani na fosfeti, na yeye anataka ilivyokuwa. Halafu fosfeti inataka uso uliopigwa mchanga wa alumini oksaidi kwa kompresa. Mchanga huo unakula mihuri yote kwa usawa, taji na namba pamoja. Bunduki iliyozaliwa na fosfeti, kama M1 Garand, ifanyie fosfeti. Na joto lake pia ni tabu huku kwetu: ile ya manganizi inataka nyuzi 88 hadi 95, na maji yetu yanatokota kwenye 96. Jiko la mkaa halikai kwenye nafasi hiyo nyembamba.

kijana_wa_Isevya

Asanteni sana wakuu. OCD nimeshaonana naye, nimepata jibu lake. Rangi imetoka kwa rimuva mara tatu, nimechemsha mara mbili. Mwili umebaki mweusi mzuri, mihuri inasomeka. Ila sentimita kama 30 za mbele za mtutu zimebaki kijivu, na kofia ya mdomoni ni kijivu yote. Hapo ndipo nataka kutia weusi. Msasa naruhusiwa sasa? Na ile dawa ya baridi ya kupaka kwa pamba?

Fundi_Kiloleli

Sehemu hizo mbili zinaruhusiwa, kwa masharti. Anza na namba 240, malizia 320. Kunja msasa kwenye kipande cha mbao bapa, sugua kwa urefu wa mtutu, siyo kuuzungusha kama unasugua bomba. Usipande juu ya 400. Chuma kilichong'arishwa kama kioo dawa haikishiki, inateleza na kujikusanya matone.

Dawa ya baridi ni ya kuziba mkwaruzo wa sentimita moja. Ina seleniamu, ni sumu ukiivuta au ikikaa kwenye ngozi, na weusi wake unafutika kwa kushikwashikwa tu. Sentimita 30 za mtutu zitakuwa na mabaka baada ya msimu mmoja.

Kostiki soda ya moto na chumvi zake, ile ya viwandani ya nyuzi 140, iache pia. Inarusha, inakula jicho. Tena usije ukamshauri mwenye gobori la mitutu miwili pembeni aitumie: mbavu za kati zimeungwa kwa madini ya risasi na bati, kostiki inayeyusha ungio, mitutu inaachana.

Weusi wa kutu, hivi ndivyo.

Kwanza mafuta yatoke yote. Mafuta ya taa, halafu maji ya moto na sabuni ya unga, halafu chemsha dakika 15 na magadi ya kufulia, vijiko viwili vya mezani kwa lita 4. Suuza. Kuanzia hapo hakuna kidole kitakachogusa chuma. Vaa glovu safi za duka la dawa, na ukijikuna pua badilisha glovu. Doa la kidole linaonekana mwishoni kama alama nyeupe yenye mistari yake yote, unaweza kumkamatia mtu.

Ziba mtutu ncha zote mbili kwa vigingi vya mninga vilivyochongwa kama karoti. Vinakuwa na kazi mbili, kuzuia dawa isiingie ndani na kukupa mahali pa kushika. Ukienda kuchemsha vitoe, vinginevyo hewa ya ndani ikipata moto itavirusha.

Dawa: peroksaidi ya duka la dawa ya asilimia 3, mililita 500. Siki nyeupe mililita 60. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, itikise iyeyuke. Ukikuta peroksaidi ya asilimia 6, ongeza maji safi kiasi hichohicho kwanza. Changanya ya siku hiyohiyo, na usiifunge kwenye chupa iliyokazwa kifuniko, inatoa gesi na chupa itapasuka.

Pasha chuma kwenye maji ya moto mpaka kisishikike kwa muda mrefu, kikauke. Chovya pamba kwenye dawa, ikamue mpaka iwe na unyevu tu, isidondoke. Pitisha mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, usirudi nyuma. Ikitiririka umeharibu: kila mfereji wa dawa utaacha msitari wa rangi ya shaba ambao utahangaika nao mpaka mwisho. Ndani ya dakika chache utaona kahawia ikichanua. Dawa hii ina haraka, usiiache ikalale. Kutu ikiwa kama vumbi la poda, nyembamba na sawasawa, inatosha. Ikianza kuwa na chembe unazozihisi kwa glovu, imepita, na hapo ndipo vishimo vinaanza.

Chemsha dakika 30, sugua kwa stili wulu, paka tena. Mara ya kwanza itakuwa na mabakamabaka kama ngozi ya kenge, usitishike na usianze upya. Mara ya tatu inaanza kukaa sawa. Tano hadi saba ndiyo ya kawaida. Kofia ya mdomoni inaweza kuchelewa kuliko mtutu kwa sababu chuma si kilekile.

Bolti usiipake. Hizo zilitoka nyeupe. Isugue kwa oili na stili wulu, basi. Na usije ukaichanganya na bolti nyingine, namba yake na ya mwili lazima ziwe moja.

Mwandiga44

Naongezea upande wa maji, maana huku Kigoma ndilo linalotuangusha. Maji ya ziwa, na ya visima vingi, yana madini. Ukichemshia humo chuma kinatoka na ukungu mweupe usiofutika, na safari nyingine weusi haushiki pale ukungu ulipokaa. Tumia maji ya mvua. Paa la bati lioshwe na mvua mbili tatu za kwanza za Novemba, ndipo ukinge. Kiangazi nunua maji ya betri, lakini angalia chupa: dukani "maji ya betri" anaweza kukupa yale safi ya kuongezea au akakupa asidi. Mimina kidogo kwenye kisoda, tia chembe ya magadi. Ikitoa povu, rudisha.

Hewa nayo. Huku ziwani chuma kilichopakwa dawa kinashika kutu chenyewe ukikitundika chumbani. Tabora Julai hadi Septemba hewa ni kavu mno, dawa inakauka kabla haijafanya kazi na unabaki na michirizi ya chumvi. Chukua kabati la mbao au sanduku refu, weka sufuria ya maji ya moto chini, tundika chuma juu, funga. Kitazame kila baada ya dakika 20. Chuma kiwe na joto kuliko mvuke wakati unakiingiza, la sivyo matone yatajikusanya juu yake na kila tone litaacha duara.

Chumvi ya Uvinza, ile ya mawe, inafaa ukiisaga. Ya paketi pia inafaa.

Ujiji_mtaa_wa_pili

Mwisho wa kazi mawese hayafai kweli badala ya oili ya bunduki? Wazee huku wanapaka kwenye mapanga.

Mwandiga44

Hayafai, ndugu yangu. Mawese yana asidi yake ya asili, na yakikaa yanaganda na kunata vumbi. Kwenye panga linalotumika kila siku huoni madhara, linafutwa na kazi. Kwenye bunduki iliyokaa kabatini miezi sita, chini ya ule utando unakuta kahawia. Na ndani ya bolti yakiganda, pini ya kupigia inaenda polepole na risasi haiwaki. Karanga na alizeti ni hivyohivyo. Oili ya injini mpya, nyepesi, ni bora kuliko mafuta yoyote ya kula. Oili chafu hapana, imebeba asidi na masizi ya injini.

Binti_Sikonge

Nta ya nyuki jamani, mko Tabora na mnaisahau. Kwa chuma cha nje kisichosuguana, nta inakaa kuliko oili kwa sababu haitiririki na hainyonywi na mbao. Gramu 50 za nta iliyochujwa kwa mililita 100 za tapentaini. Yeyusha nta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, itoe mbali na jiko kabisa, ndipo umimine tapentaini ukikoroga, maana mvuke wake unashika moto. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya mgando. Pasha chuma kidogo juani, paka kwa kitambaa, subiri dakika 10, futa. Zaidi ipake chini ya mtutu, pale unapolalia mbao.

Nta iwe safi. Ile ambayo bado ina asali ndani yake usitumie, asali inavuta maji kutoka hewani na ina asidi. Iyeyushe kwenye maji ya mvua, iache igande juu, kwangua uchafu wa chini, rudia mpaka maji yabaki meupe.

Sehemu zinazosuguana, bolti na njia yake, zibaki na oili. Nta huko inakusanya mchanga.

kijana_wa_Isevya

Nimefika mara ya nne. Mtutu umekuwa mweusi wa kijivujivu, unapendeza. Matatizo mawili. Moja, karibu na mdomo kuna baka la kahawia halitaki kugeuka jeusi hata nikichemsha. Mbili, kofia ya mdomoni kila nikiikausha, asubuhi nakuta vijidoa vyekundu vinatokea kwenye matundu ya skrubu.

Fundi_Kiloleli

Baka la kahawia: kutu ya hapo ilikuwa nene, maji yamegeuza ya juu tu. Usiongeze dawa juu yake. Sugua hapo mpaka kahawia yote itoke hata kama utarudi kwenye kijivu, kisha endelea na tabaka nyembamba mbili za mtutu mzima, ujazie. Na hakikisha maji yanatokota kwa kuruka, siyo kutoa mvuke tu. Mkaa ukifa katikati, hesabu upya.

Vijidoa vya skrubu ni dawa iliyobaki kwenye nyuzi. Chumvi ile haiishi yenyewe, itaendelea kula mpaka uiue. Chemsha kofia dakika 10 kwenye maji safi yenye baking soda, vijiko viwili vya mezani kwa lita moja. Sufuria iwe ya stenlesi au ya enameli, alumini italiwa na soda. Suuza kwa maji mengine yanayochemka, na ikiwa bado ya moto itumbukize kwenye oili safi, ilale humo saa 24. Weusi utakolea ukilala kwenye oili. Mtutu ufanyie vivyo hivyo baada ya tabaka la mwisho, ila badala ya kuutumbukiza, upake oili kwa wingi ungali na moto, uufunge kwa kitambaa kilicholowa oili.

Ndani ya mtutu usisahau. Umechemsha mara nyingi, ndani kuna unyevu. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kikavu, halafu cha oili. Kama bunduki ilikuwa inatumia risasi za zamani, baruti ya kiwashio chake inaacha chumvi ndani, na chumvi haiyeyuki kwenye oili. Maji ya moto kwanza, yamiminwe kutoka upande wa chemba, kule nyuma risasi inapokaa, ndipo oili. Kabla ya kupiga, futa oili yote ndani, mtutu uwe mkavu.

kijana_wa_Isevya

Na ile chaja ya betri? Kuna mtu kasema naweza kutoa kutu ya springi na sehemu za ndani kwa umeme na magadi.

Chemchem_2

Kwa kofia ya mdomoni au ukanda, sawa: ndoo ya plastiki, kijiko kimoja cha magadi ya kufulia kwa lita 4, hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye nondo, visigusane, fanyia nje kwa sababu hewa inayotoka inawaka. Chanya isiwe stenlesi, inatoa sumu ya kromu kwenye maji. Ila ujue na weusi unaweza kuondoka nao.

Springi, pini ya kupigia na bolti, kamwe. Haidrojeni inayotoka kwenye hasi inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike kama kijiti bila kupinda kwanza. Siki inafanya hivyohivyo, kwa hiyo usiloweke springi kwenye siki. Springi yenye kutu ifutwe kwa mafuta ya taa na brashi ya shaba. Ikiwa na shimo, nunua nyingine.

Fundi_Kiloleli

Wakati wa kufunga, kinyume cha kufungua: kitako kwanza, bolti yake ikazwe na ile ncha ya mraba isimame sawa na mwili, ndipo mbao ya mbele ipande. Ikigoma kupanda usigonge na nyundo, ncha haijanyooka, izungushe kidogo kwa bisibisi mpaka isimame sawa. Skrubu ya mbele ya kikingio ikazwe kabla ya ya nyuma. Baada ya wiki mbili vua vifuniko vya juu tena utazame chini yake na kwenye matundu ya skrubu za mdomoni. Ukikuta wekundu hata kama punje ya mtama, rudia baking soda kwa kipande hicho tu.

kijana_wa_Isevya

Sawa mkuu. Nimebakiza tabaka mbili. Maji ya mvua yameisha, nafuata ya betri, na magadi naenda nayo mfukoni.